Kusitishwa kwa TPS kwa raia wa Somalia: je, uamuzi huu ni wa haki, na jirani yetu afanye nini kabla ya tarehe 17 Machi?

Swali la Mkaazi wa Columbus

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limetugawa hapa mtaani petu Columbus, Ohio, tangu Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilipotangaza tarehe 13 Januari 2026 kwamba TPS, yaani hadhi ya ulinzi wa muda inayomkinga mgeni asirudishwe kwao na kumpa ruhusa ya kazi, waliyopewa raia wa Somalia itakoma tarehe 17 Machi. Ninafahamu kwamba Wasomali walio katika hadhi hiyo ni wachache mno, takriban watu 700 nchi nzima, ilhali Wahaiti ni zaidi ya 300,000 na maelfu miongoni mwao wanaishi Springfield, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapa. Lakini sisi watu wa Mombasa na Lamu tumekaa miaka mingi pamoja na Wabarawa, wenyeji wa mji wa Barawa katika pwani ya Somalia, ambao Chimwini chao na Kiswahili chetu ni ndugu, na likimfika mmoja wao jambo, linatufika na sisi.

Jirani yetu, mzaliwa wa Barawa, aliingia nchini mwaka 2022 kwa viza ya kutembelea, akaomba TPS na akapewa. Anafanya kazi katika ghala la bidhaa nje ya mji. Juzi alituonyesha leseni yake ya udereva: tarehe ya mwisho iliyopigwa juu yake ni ile ile ya kukoma kwa TPS, kwa sababu leseni ya mtu mwenye hadhi ya muda haiwezi kuvuka hadhi yenyewe. Ofisi ya utumishi kazini kwake nayo imeshamwandikia ikimtaka alete kibali kipya kabla hiki cha sasa hakijaisha. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye habari ya kurudishwa kwao, siku moja tu ya kalenda itamwondolea kazi, gari, na uwezo wa kulipa kodi ya nyumba.

Katika kikao chetu wapo wazee wanaosema kwamba ulinzi wa Somalia ulianza mwaka 1991, umeongezwa kwa zaidi ya miaka 34, na hakuna nchi duniani inayoweza kulaumiwa kwa kufunga mlango uliofunguliwa kwa dharura. Wengine wanasema huu ni ukatili, na kwamba kisa ni maneno ya Rais Trump dhidi ya Wasomali wa Minnesota, wala hali ya usalama Somalia haikuangaliwa. Mimi nimeshindwa kupima. Naomba wenye kuijua sheria waseme kama serikali ina haki ya kufanya hivi, na wenye uzoefu waseme jirani yetu ana njia gani.

Jibu la Hoja Bila Jazba

Ndugu Mkaazi, nitasema upande ambao pengine hautapendwa hapa, na naomba nisomwe hadi mwisho.

TPS iliwekwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, aliyoitia saini Rais George H. W. Bush, na Bunge la Marekani lilijua lilichokuwa likiandika. Nchi huingizwa katika ulinzi huo kwa moja ya sababu tatu: vita vya silaha, janga la asili kama tetemeko au mafuriko, au hali nyingine isiyo ya kawaida na ya kupita. Muda wake ni kati ya miezi 6 na miezi 18, na unapokaribia kwisha waziri anatakiwa aitazame hali ya nchi upya. Sheria hiyo haikuahidi ukaazi wa kudumu hata kwa mstari mmoja. Tena Bunge liliweka kizuizi cha makusudi: muswada wowote wa kuwapa watu wa TPS ukaazi wa kudumu, ili ujadiliwe katika Seneti, unahitaji kuungwa mkono na theluthi tatu kwa tano ya maseneta. Waliopitisha sheria waliogopa hasa hili tunaloliona, kwamba ulinzi wa dharura utageuka kuwa mlango wa nyuma.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 watu takriban milioni 1.3 kutoka nchi 17 walikuwa na hadhi hiyo. Honduras na Nicaragua ziliingizwa Januari 1999 kwa sababu ya Kimbunga Mitch cha Oktoba 1998. Nauliza kwa heshima: ni nani anayeweza kusimama leo na kusema kwamba Mhonduras hawezi kurudi kwao kwa sababu ya mvua iliyonyesha mwaka 1998? Serikali nyingi, za chama hiki na za chama kile, ziliogopa kuwa ile itakayofunga, zikaongeza miezi 18, halafu miezi 18 mingine. Sasa imekuja serikali isiyoogopa, nasi tunaita ukatili kile ambacho sheria ilikiagiza tangu awali.

Kuhusu Somalia ninakubali kwamba hali si nyepesi. Lakini Mogadishu ya leo si ya mwaka 1991, na hata Barawa kwenyewe Al-Shabaab waliondolewa mwaka 2014. Waziri ana haki ya kupima na kuamua, hata kama uamuzi wake hautupendezi.

Jibu la Msomaji wa Sheria

Nimemsoma ndugu Hoja Bila Jazba na sehemu kubwa ya maelezo yake juu ya sheria ni sahihi. Hata kile kifungu cha Seneti, ambacho watu wengi hawakijui, amekitaja sawasawa, isipokuwa kiasi kinachotakiwa ni sehemu tatu kwa tano, wala neno theluthi halina nafasi hapo. Tunapoachana ni katika hatua ya mwisho ya hoja yake. Kwamba waziri ana mamlaka ya kufunga hakumaanishi kwamba kila anapofunga amefunga kwa kufuata sheria.

Sheria inamtaka waziri ashauriane na idara nyingine za serikali, aitazame hali ya nchi inayohusika, aamue angalau siku 60 kabla muda haujaisha, kisha atangaze uamuzi wake katika gazeti rasmi la serikali. Asipoamua kwa wakati, ulinzi unaongezeka wenyewe kwa miezi 6. Hilo si jambo la nadharia: lilitokea kwa Sudan Kusini mwezi Mei 2025. Kwa maneno mengine, kipimo ni hali ya nchi ile, na sheria inamtaka waziri aanzie hapo. Sasa tazama mfuatano wa mambo kwa Somalia. Tarehe 21 Novemba 2025 Rais alitangaza mtandaoni kwamba anaiondoa TPS ya Wasomali wa Minnesota mara moja, akiihusisha na kesi za wizi wa fedha za umma katika jimbo hilo. Tangazo hilo halikuwa na miguu ya kisheria, kwa kuwa TPS hutolewa kwa nchi nzima na haiwezi kuondolewa kwa jimbo moja, na anayeamua kwa mujibu wa sheria ni waziri. Wiki chache baadaye waziri akaja na uamuzi rasmi wenye sababu nyingine kabisa, kwamba hali ya Somalia imeboreka kiasi cha kutotimiza tena masharti. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika bodi au kamati anajua maana ya uamuzi kutangulia na sababu kutafutwa baadaye.

Lipo na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mwezi Juni 2025 serikali hii hii ilitoa amri ya kuzuia raia wa nchi 12 kuingia Marekani, na Somalia ilikuwamo. Sababu iliyoandikwa ni kwamba Somalia haina mamlaka kuu yenye uwezo wa kutoa pasipoti na hati za kiraia za kuaminika. Wizara ya Mambo ya Nje nayo inaendelea kuwaonya Wamarekani wasiende Somalia kabisa, katika daraja la nne, ambalo ndilo la juu kuliko yote, kwa sababu ya ugaidi, utekaji nyara na uhalifu. Hivyo anapotaka kuingia, Msomali anaambiwa kwamba nchi yake haina serikali inayoeleweka, na anapotakiwa kuondoka anaambiwa kwamba nchi yake imetengemaa. Inawezekana moja kati ya hayo ni kweli. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani.

Kuhusu Barawa, ni kweli mji ulichukuliwa mwaka 2014, lakini mji na njia ya kuufikia ni vitu viwili. Kipimo cha sheria kwa sababu ya kwanza, ile ya vita, ni iwapo vita vinavyoendelea ndani ya nchi vinahatarisha usalama wa mtu atakayelazimishwa kurudi. Hakisemi kwamba pakipatikana mtaa mmoja uliotulia basi nchi nzima imetulia.

Na kama tunataka uthabiti, tumuulize waziri juu ya El Salvador. Wasalvador wako katika TPS kwa sababu ya matetemeko ya Januari na Februari 2001. Rais wao anajivunia kwamba nchi yake sasa ni miongoni mwa zilizo salama kabisa, na ni rafiki mkubwa wa Ikulu ya Marekani. Ulinzi wao bado unatambuliwa hadi tarehe 9 Septemba 2026, na sijasikia haraka yoyote ya kuufunga. Iwapo hoja ya mzunguko usiokwisha wa miezi 18 ndiyo inayotusukuma, hapo ndipo pangekuwa pa kuanzia.

Historia ya kufunga ipo pia, na inafundisha. Ndugu zetu wa Burundi walipewa TPS mwaka 1997 wakati wa vita vyao. Serikali ya George W. Bush ilitangaza mwezi Oktoba 2007 kwamba itaifunga, lakini ikapanga mwisho wake uwe tarehe 2 Mei 2009. Mtu alipewa mwaka mmoja na nusu wa kupanga maisha: kuuza alichonacho, kumaliza masomo ya mtoto, kuomba hadhi nyingine. Sikuona wakati ule Warundi wakiandamana kwa hasira, na nadhani sababu ni huo muda waliopewa. Jirani wa ndugu Mkaazi amepewa takriban siku 60 tu, na siku 60 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho waziri anaweza kukitoa bila kuvunja sheria.

Kwa upande mwingine kuna kisa cha Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibi kilichofukiwa na jivu la volkano, ambacho watu wake walipewa TPS mwaka 1997 na kunyang'anywa mwaka 2005. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba volkano haielekei kutulia hivi karibuni, kwa hiyo hali yao si ya kupita tena, na ulinzi wa hali za kupita hauwahusu. Kisiwa kingepona wangefukuzwa kwa kuwa kimepona, na kilipokataa kupona wakafukuzwa kwa kuwa hakiponi. Nimekitaja kwa sababu kinaonyesha wazi kasoro iliyomo ndani ya sheria yenyewe, iliyokuwapo kabla ya serikali hii: inajua kumpokea mtu na inajua kumwondoa, lakini haikuandika lolote kwa ajili ya mtu ambaye dharura yake imedumu hadi ameota mizizi. Waliberia, ambao walianza na TPS mwaka 1991, walisukumwa kutoka nyongeza hadi nyongeza mpaka Bunge lilipopitisha sheria maalumu mwezi Desemba 2019 na kuwaruhusu waombe ukaazi wa kudumu. Ilichukua miaka 28, lakini inaonyesha kwamba Bunge likitaka linaweza.

Kuhusu mahakama, mambo yamegawanyika. Sheria ina kifungu kinachosema mahakama haziwezi kupitia uamuzi wa waziri wa kuiingiza nchi, kuiongezea muda au kuiondoa. Mawakili wa wahamiaji wanajibu kwamba kifungu hicho hakizuii kuhoji kama utaratibu ulifuatwa au kama uamuzi ulisukumwa na ubaguzi, na majaji kadhaa wamekubaliana nao. Tarehe 30 Desemba 2025 jaji wa Massachusetts alisimamisha kufungwa kwa TPS ya Sudan Kusini, siku chache kabla ya tarehe 5 Januari iliyokuwa imepangwa. Lakini Mahakama ya Juu kabisa, katika shauri la Venezuela, mara mbili mwaka 2025, tarehe 19 Mei na tarehe 3 Oktoba, iliiruhusu serikali iendelee wakati kesi inasikilizwa. Kwa hiyo jirani asijenge mpango wake wote juu ya zuio la mahakama. Zuio linaweza kuja usiku wa mwisho, na linaweza kuondolewa baada ya wiki tatu.

Jibu la Mama Zuhura

Hodi jamani. Mimi si mwanasheria, ila nimekuwa mkalimani wa wahamiaji kwa muda mrefu hapa Maine, na nimekaa kwenye meza moja na mawakili na wateja wao, kwa hiyo nitajibu ile sehemu ya pili ya swali, ambayo naona waheshimiwa wameiruka.

Kwanza niondoe hofu isiyo na sababu, maana simu yangu hailali tangu tangazo lilipotoka. Watu wetu wengi wanaozungumza Kiswahili, Wakongo, Warundi waliotoka makambi ya Kigoma, Wabantu wa Somalia walioletwa kuanzia mwaka 2003 kupitia Kakuma, hawana TPS wala hawakuwahi kuwa nayo. Wao walikuja kama wakimbizi waliopangiwa makazi, wakapata grini kadi, na wengi sasa ni raia. Kwa Kongo, pamoja na yote yanayotokea Goma na Bukavu, Marekani haijawahi kutoa TPS. Kwa hiyo mama wa Kikongo anayeniuliza kama Machi 17 inamhusu, jibu langu ni kwamba haimhusu. Yako mengine yanayomhusu, lakini si hili.

Sasa jirani wa baba Mkaazi. Ajue kwamba TPS ikiisha, mtu anarudi katika hadhi aliyokuwa nayo kabla, kama bado ipo, na ya kwake, yaani viza ya kutembelea, ilikwisha zamani. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wakili atamuuliza ni kama amewahi kuomba hifadhi. Wengi waliopata TPS hawakuomba, kwa kuwa waliona wameshapata ulinzi, na sasa wanaambiwa mitaani kwamba wamechelewa kwa sababu maombi ya hifadhi hutakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Hapo watu wanapotoshwa. Kanuni zinatambua kwamba kuwa katika TPS ni sababu inayokubalika ya kuchelewa, mradi mtu aombe ndani ya muda unaofaa. Ni bora aombe akiwa bado ndani ya TPS kuliko baada ya kuisha.

Ila nisimpambie. Mwanzoni mwa Desemba 2025 idara ya uhamiaji ilisimamisha kutoa maamuzi ya maombi ya hifadhi, na maombi ya watu wa nchi zilizo kwenye orodha ya marufuku ya kuingia, Somalia ikiwamo, yakawekwa kando. Kuwasilisha ombi bado inawezekana, na kuna ada mpya ya dola 100. Na kibali cha kazi kinachotokana na ombi la hifadhi hakiombwi hadi siku 150 zipite. Hata akiwasilisha kesho asubuhi, Machi 17 itamkuta hana kibali kipya. Ajipange kwa miezi ya kukaa bila mshahara, na nyinyi majirani mjipange naye, kwa sababu hili halitatatuliwa na karatasi yoyote.

Pili, kama ana mke raia au mtoto raia aliyefikisha miaka 21, asikate tamaa haraka. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu iliamua, majaji wote tisa wakikubaliana, kwamba kupewa TPS hakumsafishi mtu aliyeingia bila kupita kwa ofisa wa uhamiaji. Watu wengi walisoma hukumu ile wakadhani inawahusu wote. Jirani yenu aliingia kwa viza, akagongewa muhuri uwanja wa ndege, kwa hiyo hukumu ile haimgusi kwa namna hiyo. Wakili aitazame pasipoti yake kwa makini, ukurasa kwa ukurasa.

Tatu, zile ahadi za tiketi ya bure na fedha taslimu kwa anayeondoka mwenyewe kupitia programu ya simu ya serikali. Siwezi kumwambia mtu mzima asirudi kwao akitaka. Lakini asibonyeze chochote kabla ya kuzungumza na wakili. Mtu aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 kisha akatoka nje ya nchi huzuiwa kurudi kwa miaka 3, na akizidisha mwaka mmoja, miaka 10. Siku alizokuwa ndani ya TPS hazihesabiwi, ila zile za kabla na za baada zinahesabiwa, na ni wakili pekee atakayezipiga hesabu kwa usahihi.

Na la mwisho, tafadhali sana, asiende kwa wale wajuaji wa kujaza fomu wanaokaa nyuma ya maduka ya kutuma pesa. Nimeona fomu iliyojazwa na mmoja wao ikisema mteja aliingia kupitia mpaka wa Mexico, kwa sababu alinakili kutoka kwa mteja wa asubuhi. Iliwachukua mawakili muda mrefu kulifuta neno hilo moja. Aende kwa wakili mwenye leseni, au kwa shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria; yapo yasiyotoza kitu.

Jibu la Kasulu Yetu

Nawasalimu kutoka Kigoma. Nimesoma mjadala huu nikajiuliza kama sisi tunaolaumu Marekani tumewahi kujitazama. Mwaka 2012 serikali yetu ya Tanzania iliwaondolea hadhi ya ukimbizi Warundi zaidi ya 35,000 waliokuwa kambi ya Mtabila, hapa Kasulu, na kambi ikafungwa mwezi Desemba mwaka ule ule. Hoja zilikuwa hizi hizi: Burundi imetulia, wametukalia muda mrefu, misitu imekwisha. Watu wakapakiwa kwenye malori. Wapo waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, ambao Burundi waliisikia kwa mama zao tu. Mwaka 2015 Bujumbura ikalipuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na miongoni mwa maelfu waliovuka kurudi huku walikuwamo wale wale tuliowasindikiza. Safari hii wakapelekwa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli.

Wakati huo huo, na hili ndilo linalonishangaza hadi leo, nchi yetu hiyo hiyo iliwapa uraia Warundi takriban 162,000 waliokimbia mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Wale walilima, walilipa kodi, walizika wazee wao pale, na serikali ikaona hakuna maana ya kuendelea kuwaita wageni. Ukiniuliza tofauti kati ya mtu wa Mishamo na mtu wa Mtabila, nitakwambia ni mwaka aliokimbia na siasa za wakati uamuzi ulipofanywa. Lakini angalau wa Mishamo walipata daraja la kuvukia. TPS haina daraja hilo, na hapo ndipo ninapomuunga mkono Msomaji wa Sheria.

Wakenya nao walijaribu. Mwaka 2016 walifuta utaratibu wa kuwatambua Wasomali kama wakimbizi kwa pamoja, wakatangaza kuifunga kambi ya Dadaab. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akabatilisha, akasema ni kinyume cha katiba na kwamba Wasomali walikuwa wamebaguliwa kama kundi. Hukumu ile ilitoka Nairobi, kwa hiyo asituambie mtu kwamba kuhoji uamuzi wa waziri ni ubishi wa mawakili wa Kimarekani peke yao.

Jibu la Hoja Bila Jazba

Nashukuru kwa kusahihishwa kuhusu ile hesabu ya sehemu tatu kwa tano. Bado nashikilia kwamba nchi ina haki ya kufunga, na mfano wa Mtabila, japo unauma, haunionyeshi kwamba Tanzania haikuwa na haki hiyo. Unanionyesha kwamba ilipima vibaya. Lakini hoja ya Burundi na miezi yake 18 nimeitafakari na sina jibu. Kama mtu ameruhusiwa kufanya kazi kihalali na kulipa kodi, kumpa siku 60 ni kumtafutia kosa. Ningekuwa mbunge wa kule, ningependekeza kwamba kadiri mtu alivyokaa ndani ya hadhi kwa muda mrefu ndivyo notisi yake irefuke, na aliyepita miaka kumi bila kosa la jinai apewe nafasi ya kuomba ukaazi, kila mtu kwa jalada lake. Wale wenye kosa kubwa moja au madogo mawili sheria ya sasa tayari inawanyima TPS, kwa hiyo hakuna anayependekeza kuwalinda wahalifu. Kuhusu Somalia hasa, lile la marufuku ya kuingia na hali kuboreka kwa wakati mmoja, naona waziri anadaiwa maelezo.

Jibu la Mkaazi wa Columbus

Nawashukuru nyote, na Mama Zuhura kwa namna ya pekee. Jirani hakuwahi kuomba hifadhi, kwa sababu ile ile uliyoitaja. Hana mke raia; mke na watoto wako Mombasa, na kila mwezi huwatumia fedha za shule. Tumempatia miadi na wakili wa shirika moja la misaada ya kisheria wiki ijayo. Je, aende na nini mkononi, ili ile saa moja waliyompa isipotee kwa maswali ya tarehe?

Jibu la Mama Zuhura

Abebe pasipoti zote, ya zamani na ya sasa, pamoja na kumbukumbu ya kuingia nchini, ambayo anaweza kuichapisha kutoka tovuti ya serikali. Abebe barua ya kukubaliwa TPS na kadi zote za kazi, hata zilizoisha. Kadi yenye alama ya A12 inaonyesha kwamba alikuwa amekubaliwa, na C19 kwamba ombi lilikuwa bado linasubiri, na wakili atahitaji tarehe za zote mbili. Kama amewahi kukamatwa na polisi hata kwa kosa la barabarani, alete hati ya mahakama, asiache kwa kuona aibu. Kisha, kabla ya kwenda, akae chini aandike kwa Kiswahili au kwa Chimwini, kwa lugha anayoota nayo, sababu zinazomfanya ashindwe kurudi Barawa: nani alimtisha, lini, na nini kilitokea kwa ndugu waliobaki. Asipambe wala asifupishe. Nitumieni maandishi hayo, nami nitayatafsiri bila malipo kabla ya siku ya miadi.